Je, Mauaji Yaweza Kuzuiwa?

Wasomaji wetu wa Bunia, wa Djugu na wa Irumu hawana haja ya kuambiwa vita ni nini. Mtu aliyelala porini na watoto wake, akisikiliza kama nyayo zinazokuja ni za ndugu au za adui, hahitaji mwalimu. Lakini liko swali moja linalosikika mara nyingi nje ya kanisa baada ya Misa, na shuleni, na katika kambi za watu waliokimbia makwao, nalo halijibiwi vema. Je, wale wanaotumwa kuzuia mauaji, askari wa mataifa, wapatanishi, watu wa redio na wa semina, wanayazuia kweli? Au wanakuja tu kuhesabu maiti? Wako wanaosema, "Pasipo wao tungalikwisha sote." Wako wanaosema, "Walikuja tangu mwaka 1999, na bado tunazika." Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake. Ndiyo maana tumeona yafaa kulipima swali hili polepole, bila hasira na bila kujipendekeza kwa mtu.

Twaanza nyumbani, kwa sababu mwaka 2003 watu wa Bunia walipata majibu mawili kwa macho yao wenyewe, tena katika muda wa miezi minne tu.

Tusianze na bunduki, kwa maana bunduki zilikuja baadaye. Kule Ituri Wahema wengi walikuwa wafugaji na Walendu wengi walikuwa wakulima. Walioana, waliuziana maziwa na mihogo, na walipogombana wazee waliwasuluhisha. Wakati wa ukoloni Wabelgiji waliwapendelea Wahema katika shule na katika kazi. Baadaye, mashamba makubwa ya Wazungu yalipogawanywa, wengi wa wenye mashamba wapya walikuwa Wahema. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na kwamba hati ya shamba haiwezi kupingwa tena ikiisha kupita miaka miwili. Mkulima asiyejua kusoma angejuaje kwamba mtu wa mjini amepata hati ya bonde lake? Alikuja kujua siku alipofukuzwa, na siku hiyo miaka miwili ilikuwa imekwisha kupita.

Mwaka 1999, katika Walendu Pitsi, wenye mashamba fulani walishtakiwa kwamba wanapanua mipaka yao kwa hati za uongo. Ndipo damu ilipoanza kumwagika. Jeshi la Uganda, lililokuwa limeingia nchini tangu 1998, halikuuzima moto huo. Maofisa wake wengine walikodisha askari kwa wenye mashamba, na wengine wakauza silaha upande wa pili. Mwezi wa Juni 1999 jenerali wake mmoja aliitangaza Ituri kuwa jimbo la peke yake, akaweka Mhema kuwa gavana. Walendu wakaona kwamba hakimu amekwisha kukaa upande mmoja. Kufika mwaka 2003 ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 50,000 walikuwa wameuawa, na nusu milioni wamekimbia makwao.

Miezi minne ya Bunia

Mwanzoni mwa Mei 2003 askari wa Uganda waliuacha mji wa Bunia. Umoja wa Mataifa ulikuwa na kikosi cha Waurugwai wapatao 700. Watu hawa waliletwa kulinda watumishi na mali za Umoja wa Mataifa. Hawakuandaliwa kupigania mji. Wanamgambo wa Kilendu waliingia mjini, wakaua; kisha tarehe 12 Mei wanamgambo wa Kihema wa chama cha UPC wakaurudisha mji mikononi mwao, wakaua nao. Mapadre wawili waliuawa katika parokia ya Nyakasanza, pamoja na watu waliojificha huko. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na kujibanza karibu na seng'enge ya makao ya Umoja wa Mataifa. Askari wale walifungua lango, na kwa hilo waliokoa wengi. Tusiwanyime haki yao. Lakini mitaani hawakwenda kupigana. Mapigano yalipotulia, maiti zaidi ya 400 zilikusanywa katika mji.

Hilo lilikuwa jibu la kwanza: askari wako, bendera ipo, redio za upepo zinaita, na mauaji yanaendelea mtaa wa pili.

Jibu la pili lilikuja upesi kuliko ilivyo desturi. Katibu Mkuu Kofi Annan aliwaomba mataifa msaada, na tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 1484. Tarehe 6 Juni Wafaransa wa kwanza walitua Bunia. Jeshi hilo, lililotumwa na Umoja wa Ulaya kwa jina la Artemis, lilikuwa na watu wasiofika 2,000, na sehemu yao walikaa Entebbe kwa kazi za ndege na mizigo. Si jeshi kubwa. Lakini agizo lake lilikuwa wazi: linda mji, linda uwanja wa ndege, linda kambi za waliokimbia, na ukilazimika kupiga, piga. Wanamgambo waliwajaribu, na wakajibiwa kwa risasi. Baada ya muda mfupi mji ulitangazwa kuwa mahali pasipo silaha. Watu walianza kurudi majumbani, soko likafunguliwa, na akina mama walioishi mwezi mzima chini ya maturubai wakaonekana tena wakifagia nyua zao.

Je, ni uwezo gani huo uliofanya watu wasiofika 2,000 wafanye kazi ambayo 700 hawakuifanya? Sisi twaona kwamba hesabu ya vichwa si jibu lote. Jambo kubwa ni kwamba kila mwanamgambo alijua atapigwa. Mtu anayekwenda kuua jirani asiye na silaha hafanyi hivyo kwa ushujaa. Anafanya kwa kuwa haoni hatari. Ikiwa hatari imesimama njiani, wengi hurudi. Si kwamba wametubu. Wamehesabu tu, na hesabu imewakatisha tamaa.

Lakini tuseme na upande wa pili. Agizo la Artemis lilikuwa la mji tu. Silaha nyingi hazikuharibiwa: zilifichwa, au zilibebwa na kupelekwa vijijini. Maana yake, mtu wa Bunia alilala usingizi, na mtu wa Fataki hakulala. Katika majira yale yale ya 2003 vijiji vya Djugu viliendelea kushambuliwa. Tarehe 1 Septemba jeshi la Ulaya liliondoka, kama lilivyosema tangu mwanzo, likawaachia nafasi askari wa Umoja wa Mataifa, sasa wakiwa karibu 5,000 na agizo kali zaidi. Wiki tano baadaye, tarehe 6 Oktoba 2003, watu 65 waliuawa katika kijiji cha Kachele, wengi wao watoto. Tarehe 25 Februari 2005 Wabangladeshi 9 wa Umoja wa Mataifa waliuawa karibu na Kafe, katika pwani ya Ziwa Albert. Hata hivyo katika mwaka huo wa 2005 wanamgambo kwa maelfu waliweka silaha chini, na Ituri ikapata miaka ya kupumua. Tutarudi kwenye miaka hiyo, kwa maana haikudumu.

Kigali, mwaka 1994

Huenda msomaji atauliza: kama watu wachache wenye amri waliweza kuutuliza mji wa Bunia, kwa nini hawakuweza mjini Kigali? Swali hili linaumiza, na halijaisha kubishaniwa.

Rwanda haikukosa onyo. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Romeo Dallaire, Mkanada aliyeongoza askari 2,500 wa Umoja wa Mataifa, alipeleka New York habari za siri: silaha zimefichwa Kigali, na watu wanaandikwa kwa majina ili wauawe. Aliomba ruhusa ya kuzikamata. Alijibiwa kwamba hilo si katika agizo lake. Mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili, askari 10 wa Ubelgiji waliuawa tarehe 7, na serikali yao ikawaita wengine nyumbani. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama, badala ya kuongeza, lilipunguza: lilisema wabaki 270. Dallaire alibaki na watu 450 hivi. Kwa watu hao wachache, maelfu ya watu waliokuwa katika uwanja wa michezo wa Amahoro waliishi.

Tunakumbuka hasa shule moja ya ufundi huko Kicukiro. Watu wapatao 2,000 walikuwa wamekimbilia hapo kwa sababu Wabelgiji walikuwa hapo. Wauaji walikaa nje, wakinywa bia na kupiga kelele, wala hawakuthubutu kuingia. Tarehe 11 Aprili 1994 Wabelgiji walipata amri ya kwenda. Magari yao yalipotoka langoni, wauaji waliingia, na wengi wa watu wale waliuawa siku ile ile. Hakuna mfano unaoonyesha wazi zaidi mambo mawili kwa pamoja: kwamba askari wachache waweza kuzuia mauaji kwa kusimama tu, na kwamba ulinzi wa nusu waweza kuwa mtego. Kama wasingalikuwapo tangu mwanzo, huenda baadhi ya watu wale wangalikimbilia milimani.

Dallaire alisema kwamba askari 5,000 wenye agizo wangaliweza kuzuia sehemu kubwa ya mauaji. Lakini yuko mtaalamu mmoja wa Marekani, Alan Kuperman, aliyeandika mwaka 2001 kwamba tunajidanganya. Wauaji walikwenda mbio mno, asema. Jeshi kubwa haliruki baharini kwa siku tatu. Hata kwa nguvu zote, waliookolewa wangalikuwa watu 125,000 hivi, yaani robo ya waliokufa kwa hesabu yake. Wengine waliikataa hesabu hiyo kwa uchungu. Sisi hatuna mizani ya kuamua kati yao. Lakini tumeona jambo moja ambalo wasomaji wa mabishano hayo hulisahau: Kuperman alikuwa akisema juu ya jeshi litakalokuja baada ya mauaji kuanza. Dallaire alikuwa tayari yuko mjini. Na robo, ikiwa ni robo, ni watu 125,000. Kila mmoja wao alikuwa na mama.

Shida ya kuhesabu wasiokufa

Wanafunzi wetu wa sekondari wataona ugumu ulio hapa. Daktari akimponya mgonjwa, mgonjwa huonekana akitembea. Lakini mtu ambaye hakuuawa haonekani popote. Anakwenda shambani kama kila siku, wala hajui kwamba mauti ilipita karibu. Tena askari wa amani hutumwa palipo pabaya zaidi. Ukilinganisha vijiji vyenye askari na vijiji visivyo nao, waweza kudhani askari ndio wanaoleta mauaji, kama vile mtu mjinga aonaye kwamba hospitali ina wafu wengi kuliko soko, akakataa kwenda hospitali.

Mwaka 2013 wachunguzi watatu, Lisa Hultman, Jacob Kathman na Megan Shannon, walijaribu kukwepa mtego huo. Walichukua vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Afrika kati ya 1991 na 2008, wakatazama mwezi kwa mwezi idadi ya askari, ya polisi na ya watazamaji wasio na silaha waliotumwa, na idadi ya raia waliouawa. Waliona kwamba askari na polisi wanapoongezeka, raia wanaouawa wanapungua. Lakini watazamaji wa kuandika taarifa tu hawakuleta nafuu hiyo. Penye kutumwa watazamaji zaidi, mauaji hayakupungua, bali yaliongezeka. Tumelisoma jambo hilo mara mbili, kwa kuwa linafanana mno na yale yaliyosemwa na watu wa Bunia mwezi wa Mei 2003.

Mfano wa kutuma mapema kabisa ni mmoja tu, nao uko mbali na kwetu. Mwezi wa Desemba 1992, Yugoslavia ilipokuwa ikiteketea, Baraza la Usalama lilituma askari Masedonia kabla risasi moja haijapigwa huko. Walikuwa karibu 1,000. Walikaa mpaka mwanzo wa 1999, China ilipopiga kura ya kukataa wasiongezewe muda. Vita haikuingia walipokuwapo. Mwaka 2001, miaka miwili baada ya kuondoka kwao, mapigano yalianza kati ya serikali na Waalbania wenye silaha, yakatulizwa kwa mapatano ya Ohrid mwezi wa Agosti mwaka ule. Je, askari ndio walioizuia vita kwa miaka sita? Hakuna awezaye kuapa.

Wapatanishi

Lakini si kila moto unangoja askari. Mwaka 2008 jirani zetu wa Kenya waliponea kwa maneno. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na watu wakaanza kuuana usiku ule ule. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, akina mama na watoto waliokimbilia kanisani walichomwa moto ndani yake. Tume ya Jaji Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliokufa. Umoja wa Afrika ulimtuma Kofi Annan, pamoja na Rais mstaafu Benjamin Mkapa wa Tanzania na Mama Graça Machel wa Msumbiji. Annan alifika Nairobi tarehe 22 Januari, na tarehe 28 Februari Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi, mbele ya Rais Jakaya Kikwete.

Kwa nini ilifaulu? Annan alitaka mlango mmoja tu wa mazungumzo, ili wagombanao wasiweze kumkimbia mpatanishi mmoja na kumtafuta mwingine wa kuwapendeza. Mataifa makubwa yalisema sauti moja. Zaidi ya hayo, alikuta nchi yenye viongozi wawili ambao wafuasi wao waliwatii. Hapa ndipo twatofautiana na wale wanaotaka kuleta dawa ya Kenya katika Ituri bila kufikiri. Wakubwa wawili wakipatana Nairobi, Bonde la Ufa hutulia. Lakini katika Djugu yuko nani ambaye akitia sahihi, kila kijana mwenye panga atalirudisha nyumbani?

Annan mwenyewe hakuridhika na sahihi. Mapatano yake yalidai uchunguzi wa uchaguzi, uchunguzi wa mauaji, katiba mpya na neno juu ya ardhi. Katiba ilipatikana mwaka 2010. Ardhi ilikuwa kazi ngumu zaidi, na hilo halitamshangaza mtu wa Ituri.

Semina na redio

Tumebaki na njia zile ambazo wasomaji wetu wengi wanazijua kuliko zote: semina za upatanisho, michezo ya redio, vikao vya vijana. Huzichukuliwa kuwa kazi salama. Nani awezaye kuumia kwa semina?

Huko Liberia, baada ya vita, wachunguzi watatu, Christopher Blattman, Alexandra Hartman na Robert Blair, walifanya jambo la haki. Kati ya vijiji 246, walichagua kwa kura vijiji vitakavyofundishwa namna ya kusuluhisha magomvi, hasa ya mashamba, na vile visivyofundishwa kwanza. Baada ya mwaka mmoja, katika vijiji vilivyofundishwa magomvi ya ardhi yalikuwa yamekwisha kwa wingi zaidi, na yenye kupigana na kuharibiana mali yalipungua. Twasema wazi: hilo ni tunda. Lakini waliona pia mabishano yasiyo ya kupigana yakiongezeka, na watu wakichukua adhabu mikononi mwao mara nyingi zaidi. Ukiwaambia watu kwamba wana haki ya kusema, watasema na yale waliyoyanyamazia.

Jambo la pili lilitendeka hapa kwetu, mashariki ya Kongo. Bi Elizabeth Levy Paluck, mtaalamu wa Marekani, alipima mchezo wa redio uliotungwa ili makabila yaishi kwa amani. Katika sehemu fulani, zilizochaguliwa kwa kura, baada ya mchezo yalifuata mazungumzo ya redio yaliyowahimiza wasikilizaji kuyajadili waliyosikia. Kila mtu angetumaini kwamba wanaojadili watapatana zaidi. Matokeo, aliyoyatoa mwaka 2010, yalikuwa kinyume. Waliohimizwa kujadili walijadili kweli. Lakini walikuwa na chuki zaidi, na walikuwa wazito zaidi kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda. Katika mazungumzo yao kila mmoja alikumbuka ng'ombe wake waliochinjwa na ndugu yake aliyezikwa, na hapakuwa na mzee wala hakimu wa kupokea kilio hicho na kukitendea neno. Kidonda kilifunuliwa, dawa haikuwekwa.

Hatusemi kwamba redio inyamaze. Redio iliyoachwa kwa wauaji tuliiona Rwanda: RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka uliofuata ilitaja watu wa kuuawa kwa majina. Dallaire aliomba mawimbi yake yazibwe, na wakubwa wa Washington wakajibu kwamba gharama ni kubwa mno. Twasema tu kwamba anayewakusanya watu kuzungumza juu ya damu yapasa awe na kitu mkononi kwa ajili ya siku ya pili: kikao cha mipaka ya mashamba, mahakama itakayosafiri, mtu wa kuandika majina ya waliopotea.

Turudi Djugu

Tuliahidi kurudi kwenye miaka ya kupumua. Ituri ilitulia, lakini si kabisa, kwa miaka zaidi ya kumi. Thomas Lubanga wa UPC alihukumiwa The Hague mwaka 2012 kwa kuwatumia watoto vitani. Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014 kwa mauaji ya Bogoro, na Bosco Ntaganda mwaka 2019. Haki ilitendeka juu ya watu watatu, nasi twashukuru. Lakini hati za mashamba hazikupelekwa The Hague. Nani alikaa na wakulima wa Walendu Pitsi na wafugaji jirani zao, katika miaka ile ambayo hapakuwa na risasi, kupima mipaka moja moja? Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuzuia. Wakubwa walio mbali, wakiona kimya, hudhani kazi imekwisha. Fedha huhama kwenda palipo na moshi mpya.

Mwezi wa Desemba 2017 vijiji vya Djugu vilianza tena kuungua. Kundi la CODECO, la vijana wengi wa Kilendu, lilianza kuua. Baadaye kundi la Zaire, la upande wa Kihema, likaua nalo. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya kuzingirwa ilianza katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, na wanajeshi wakashika nafasi ya magavana. Usiku wa kuamkia 2 Februari 2022 CODECO waliingia kambi ya Plaine Savo, wakaua watu wapatao 60 ambao walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja.

Tarehe 1 Juni 2023 wakuu wa makundi hayo, waliokusanywa huko Aru, walitia sahihi mapatano ya kuacha vita. Tulifurahi, na wengi walisali kwa shukrani. Usiku wa kuamkia 12 Juni, kambi ya Lala, katika Djugu ile ile, ilishambuliwa kwa mapanga na moto, na watu zaidi ya 40 walikufa. Ilikuwa siku kumi na moja baada ya sahihi. Katika siku hizo kumi na moja, ni kikosi gani kilichopewa amri ya kulala barabarani mwa Lala? Ni nani aliyekwenda kwa waliotia sahihi kuwauliza mapanga na bunduki zimewekwa nyumba ipi, mbele ya mzee gani? Maswali haya mawili tungependa yaulizwe kabla ya sahihi ya pili, tena yaulizwe na watu wa Djugu wenyewe, ambao wanaijua barabara ile na wanazijua nyumba zile.